Simu Kumi na Moja

Hosteli ya Wasichana, chumba namba 14
3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Hujambo huko? Mgongo unasemaje? Na mama, bado anagombana na jirani kuhusu maji ya mtaroni? Mwambie sweta limefika. Viwiko vilikuwa vimetoboka, nimevitia viraka vya kitambaa cha pazia, na sasa kila mtu ananiuliza nimelinunua wapi. Mimi mzima wa afya. Mitihani nimepita yote. Takwimu nimeponea chupuchupu, lakini kupita ni kupita.

Najua umeigeuza bahasha hii mara mbili ukidhani kuna msiba. Hakuna. Simu nimeiacha, basi. Haijaibiwa wala haijatumbukia majini. Nimempa mwenzangu wa chumbani ambaye yake ilizimika moja kwa moja. Nilijikuta naamka nayo, nakula nayo, natembea nayo, na siku moja nikagundua kuna mti wa maua niliopita chini yake mwaka mzima wa kwanza bila kuuona. Nikasema hapana. Barua nakutumia hapo stoo kwako ili mama asishtuke.

Mjomba, sijawahi kuishi vizuri namna hii. Mchicha naotesha kwenye makopo ya rangi dirishani. Maji ya kufulia namwagilia. Maganda yote ya chumbani naweka kwenye ndoo yenye mfuniko chini ya kitanda mpaka yawe mbolea, na wenzangu wamezoea (karibu wote). Mfuko wa plastiki haujaingia mkononi mwangu tangu Oktoba. Na darasani siendi kwa gari tena. Ni mwendo wa dakika hamsini na tano kando ya mto.

Halafu kuna hili: nimechaguliwa mwenyekiti wa Chama cha Matembezi. Kila Jumamosi tunatoka kwa miguu, milimani au msituni. Tunakwenda na chakula kwenye vyombo vya kutumia tena, na tunarudi na taka zetu na za wengine. Sheria nimeziandika mimi mwenyewe. Ya kwanza: simu zinabaki. Tunazitia kwenye kopo kubwa la biskuti na kumwachia mlinzi wa geti.

Msalimie mama sana.

Mpwa wako,
Kiguu na Njia


Stoo ya mita, Idara ya Umeme
19 Februari

Mpwa wangu Kiguu na Njia,

Marahaba. Barua imefika, na kweli niliigeuza mara mbili. Karani mwenzangu alishaanza kunipa pole.

Mama yako mzima. Ugomvi wa mtaro umekwisha, ameanza wa jogoo. Sweta amefurahi, ila hilo la pazia sikumwambia, maana angeuliza ni pazia la nani. Mgongo ni ule ule. Siku nzima nahesabu mita na kuviringisha nyaya, nikiinama nalia, nikiinuka nalia, katikati nakunywa chai.

Ndoo ya maganda chini ya kitanda! Hao wenzako ni malaika, waombee. Ukiwa na miaka sita ulikuwa unaweka konokono kwenye viatu vyangu ili wasinyeshewe. Kwa hiyo sishangai, na moyoni nimefurahi. Kijana anayejua mchicha unavyoota si haba.

Swali moja tu la mzee mwoga. Hao unaowapeleka msituni, mtu akiumia mnaita nani? Mimi nilifanya kazi za nje miaka mingi kabla ya kuketi stoo. Huko nje mambo yakiharibika hayapigi hodi. Fikiria hilo la kopo.

Kula vizuri. Mchicha peke yake si chakula, ni mboga.

Mjomba wako


Hosteli ya Wasichana
14 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena na tena. Huku hatujambo. Mama mpe pole ya jogoo.

Nimecheka swali lako mpaka mwenzangu akaniuliza kuna nini. Mjomba, wewe na mama mlikwenda shule kwa miguu kupita msitu mzima, nani alikuwa na simu? Tuna sanduku la dawa na kamba. Tuna filimbi pia. Mtu akianza kufikiria kila litakaloharibika hatatoka mlangoni, na nje ndiko kwenye uhai. Ungetuona Jumamosi iliyopita! Tulikaa juu ya jiwe robo saa nzima bila mtu kusema neno, tukasikia mpaka mabawa ya mwewe. Mkaguzi wa mahesabu mtarajiwa, kijana mkubwa na misuli yake, alilia. Alisema hajui kwa nini.

Mwaka wa kwanza wametuletea msichana mmoja tumempa jina la Chiriku. Haachi kusema. Anasema akipanda mlima, anasema akitafuna, anaongea na mawe. Hata hiyo robo saa ya ukimya ilimtesa, alijishika mdomo kwa mikono miwili. Ni mtoto wa pekee, mama yake mshonaji, humpigia simu mara tatu kwa siku. Ananifuata kama kivuli. Ameanza ndoo yake ya maganda, na juzi ameniomba nimfundishe kushona viraka.

Kabla mvua hazijashika tunakwenda korongoni, kwenye maporomoko. Ni kilomita kumi na nne kwenda. Nitakusimulia.

Kiguu


Stoo ya mita
22 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo? Sisi wazima. Mvua imeanza kwa fujo, paa la stoo linavuja penye mita mpya na si penye zile mbovu, kama kawaida.

Nilikuandikia tarehe 2, sijapata jibu. Labda barua imepotea, au mna mitihani. Mama yako anauliza, namwambia una mitihani.

Siulizi jambo. Nataka kujua tu kama unakula, na kama viatu vyako vizima kwa mvua hii. Andika hata mistari mitatu. Ukiona uzito, andika miwili.

Mjomba wako


Bustani ya miche, kando ya barabara ya msituni
17 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kukawia. Sijambo. Natumaini mama hajambo, na paa limezibwa.

Anwani ni hiyo mpya. Nimehama hosteli kwa muda. Hapa kuna bustani ya miche ya miti, na mama mwenye kuitunza amenipa chumba cha nyuma, penye majembe. Asubuhi najaza udongo kwenye viriba vya miche, mchana namwagilia, jioni namwagilia tena. Tuna miche elfu tatu. Ukiiangalia kwa makini, kila mmoja una namna yake ya kuegemea jua. Yule mama si msemaji, na mimi pia sasa hivi si msemaji, kwa hiyo tunaelewana.

Matembezi yamesimama kidogo kwa ajili ya mvua. Masomo nitayarudia.

Viatu vizima.

Mjomba, nilitaka kukuuliza kitu siku nyingi. Wewe ulikuwa fundi wa nguzoni, na mama husema ulikuwa hodari kuliko wote. Kwa nini uliacha kupanda? Mama anasema ni mgongo. Lakini mgongo ulikuanza baadaye, nakumbuka, kwa sababu mwaka ule ulioacha bado ulikuwa unanibeba mabegani.

Usijibu kama hutaki.

Mpwa wako


Stoo ya mita
2 Juni

Mpwa wangu,

Mama yako mzima, jogoo kahamishwa, paa bado.

Nimeanza barua hii mara nne. Sasa naandika hivi hivi.

Tarehe 11 Aprili ililetwa barua ya chuo chenu kwenye sanduku letu la posta, imeandikwa jina la mama yako. Ufunguo wa sanduku ninao mimi. Niliifungua. Najua si yangu. Ina aya tatu: kwamba tarehe 29 Machi, kwenye matembezi uliyoongoza, mwanafunzi mmoja aliumia vibaya, kwamba chuo kinachunguza, kwamba wewe umehojiwa kama shahidi na huna kosa. Basi. Aliyeumia hawakumtaja, lakini nilijua. Sijui nilijuaje.

Mama yako sijamwonyesha. Imo kwenye droo yangu chini ya orodha ya mita. Miezi miwili nimekaa nayo nikisubiri uniambie mwenyewe, na wewe unanieleza miche. Nimekasirika, halafu nimeona sina haki ya kukasirika, maana nami nilikuwa nakuuliza habari za viatu.

Barua inasema huna kosa. Mtu asiye na kosa hahami akalala na majembe.

Niambie, mwanangu.

Hilo la nguzo tuliache.

Mjomba


Bustani ya miche
20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Asante kwa kutomwambia mama.

Ni Chiriku. Hukukosea.

Tulikuwa kumi na moja. Tulifika korongoni saa nne kasoro. Jua zuri, maji mengi. Alikuwa anashuka mbele yangu, anaongea, amegeuka kuniangalia ili nisikie vizuri alichokuwa anasema kuhusu mwalimu wao mmoja. Akakanyaga jiwe lenye utelezi wa maji. Hakuanguka mbali, Mjomba, labda kimo cha mlango. Lakini mguu ulibaki kati ya mawe mawili na mwili ukaenda upande mwingine.

Hakupiga kelele. Alisema, "Jamani, goti langu limeangalia wapi?" Kweli lilikuwa limeangalia pembeni.

Tulimfunga kwa vijiti na kamba. Nilimtuma mkaguzi wetu, mwenye mbio kuliko wote, akatafute simu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mlinzi wa msitu, kilomita tisa, naye hakuwapo. Akakimbia mpaka barabarani. Sisi tukakata miti miwili (mimi, niliyekuwa nawakataza hata kuchuma maua), tukaivalisha masweta tukafanya machela. Tukambeba tukipokezana. Kila tukipumzika nilishika wayo wake. Saa sita ulikuwa wa baridi. Saa nane ulikuwa kama kitu cha mtu mwingine. Aliendelea kuongea mpaka saa tisa hivi, kisha akanyamaza, na huo ukimya ndio uliotutisha sote tukaanza kukimbia naye.

Gari alilolipata mkaguzi lilitukuta barabara inapoishia, tukafika hospitali saa kumi na moja jioni. Daktari alisema mshipa wa damu nyuma ya goti ulikuwa umebanwa. Akatuuliza ameumia saa ngapi. Nilipomwambia, aliweka kalamu chini. Alisema, "Mngepiga simu pale pale, gari lingekuwa linawasubiri barabara inapoishia. Zingekuwa saa tatu, nne. Hizi ni saba."

Walimkata mguu kesho yake, chini ya goti.

Chuo kilituhoji mmoja mmoja. Kila mtu alikuwa ameacha simu kwa hiari yake, ndivyo ilivyoandikwa, na ndiyo maana sina kosa.

Mpwa wako


Upande wa pili, 21 Juni

Nilishaifunga bahasha, nimeichana.

Si kweli, Mjomba. Wenzangu tisa waliacha kwa hiari. Chiriku hakuacha kwa hiari. Asubuhi ile getini alikuja akaniambia pembeni, "Dada, leo niachie yangu, mama kaniambia niwe nayo, ana wasiwasi na korongo." Nikamwambia sheria ni sheria. Akasema, "Nitaizima, nitaificha chini kabisa ya mkoba, hutaiona." Wenzetu walikuwa wanatazama. Nikanyoosha mkono nikaitoa kwenye vidole vyake, nikasema kwa sauti ya juu, "Chiriku anataka kuwapigia ndege!" Wote wakacheka. Naye akacheka. Nikaitupa kwenye kopo.

Mlinzi alisema kopo lile lililia mchana kutwa. Ni mama yake alikuwa anapiga.

Kwenye mahojiano, mlezi wa wanafunzi aliniuliza, "Simu mlizikusanya kwa lazima?" Nikasema, "Hapana, kwa hiari." Nilisema haraka sana hata mimi nilishangaa. Wenzangu hawakusikia alichoniambia pembeni, waliona mzaha tu. Yeye alikuwa kwenye homa, hakuna aliyemuuliza.

Aprili nilikwenda hospitali mara moja. Nilifika mlangoni mwa wodi. Mama yake alikuwa ameketi kitandani, amempa mgongo mlango, analia, anamwambia, "Nilikwambia uwe na simu. Nilikwambia mara ngapi? Kwa nini uliiacha? Kwa nini hunisikii?" Na Chiriku alikuwa anaangalia ukuta. Hakuniona. Niligeuka nikaondoka, nikahama hosteli jioni ile ile.

Sasa umejua. Mimi ndiye niliyeandika zile sheria nikaziita uhai.


Stoo ya mita
6 Julai

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Mama yako anadai nimekonda. Nimemwambia ni joto, akaniambia mbona ni baridi.

Uliuliza kuhusu nguzo. Nilisema tuliache. Nimeona siwezi kukupa neno hata moja huku hilo nimelikalia.

Mimi nilikuwa kiongozi wa kundi la watu watano. Mmoja wao alikuwa rafiki yangu, tulianza kazi siku moja. Mrefu, mpenda utani, aliyekuwa akikuletea pipi na kukuita "Bosi". Labda unamkumbuka. Siku hiyo mvua ilikuwa inakuja na tulitaka kumaliza. Nilipiga simu kituoni wakaniambia umeme umekatwa. Sheria inasema baada ya hapo unapima mwenyewe, kisha unafunga waya wa kupeleka umeme ardhini, ndipo mtu apande. Kazi ya robo saa. Sikupima. Nilimwambia, "Panda, nimeshapima."

Umeme ulikatwa kwenye njia nyingine, si ile.

Alipofariki wakaja wakubwa na makaratasi. Waliniuliza kama alipanda kabla ya kupewa ruhusa. Swali lenyewe lilikuwa mlango, wamenifungulia. Nikasema ndiyo, hakusubiri. Iliandikwa hivyo. Watoto wake wamekua wakijua baba yao alikufa kwa uzembe wake. Mke wake anakaa mitaa miwili kutoka kwetu. Miaka kumi na moja naenda kazini kwa kuzungukia stendi ya magari ya mizigo ili nisipite mlangoni pake. Mgongo ni wa hiyo njia ndefu kama ni wa kitu chochote. Na nguzo nilijaribu tena mara moja, nikafika nusu, mikono ikakataa.

Sikuelezi haya ili ulie nami. Nakueleza ili ujue unayemwandikia ni nani, usije ukanichukua kama mtu mwenye busara. Sina. Nina miaka kumi na moja tu ya kujua inavyokuwa usiposema. Mwanzo unadhani kitapungua. Hakipungui, kinahamia. Kinakaa kwenye chakula, kwenye usingizi, kwenye utani. Nimekuwa mtu wa utani tangu siku ile, hukuliona hilo?

Yule mama anamlaumu mwanawe aliyekatwa mguu. Kila siku moja unayokaa hapo na miche ni siku moja nyingine anamlaumu. Wewe una miezi mitatu. Hiyo bado ni miezi.

Nikiandika hivi naona aibu, kwa sababu ninakutuma mahali ambapo mimi sikwenda.

Mjomba wako


Bustani ya miche
29 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote. Mimi nipo. Miche mia nane imeshachukuliwa kupandwa, na yule mama mtunzaji jana amecheka kwa mara ya kwanza, nilipokanyaga bomba nikalowa chapachapa.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi udongoni nikaisoma tena. Nilimkumbuka. Namkumbuka mikono yake na zile pipi. Sikujua kwamba aliacha kuja kwa sababu alikufa, mliniambia kahama.

Nilianza chuoni. Mlezi wa wanafunzi alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Kwa nini unasema leo? Faili limeshafungwa." Nikamwambia kwa sababu mama yake anamlaumu yeye. Akaniambia nikiandika hayo na kusaini hataweza kunisaidia. Nikaandika, nikasaini. Nimesimamishwa mwaka mmoja. Chama kimefutwa. Wenzangu wawili wamenitumia ujumbe kwamba nimewaharibia majina, na labda ni kweli. Mwenzangu wa chumbani amenirudishia simu yangu bila hata kuombwa. Sikujua niiweke wapi.

Kisha nikaenda nyumbani kwao Chiriku. Ni vyumba viwili nyuma ya duka la vioo, cherehani iko mlangoni ili ipate mwanga. Mama yake alikuwa anakunja pindo la gauni, pini zimo mdomoni. Nikamwamkia, nikasema mimi ni nani. Akazitoa pini moja moja akazichomeka kwenye mto wake. Nikamwambia yote: getini, pembeni, vidole, mzaha. Nikamwambia mwanao hakuiacha simu, mimi nilimnyang'anya.

Akasema, "Rudia."

Nikarudia.

Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, Mjomba. Nilijiandaa hata na atakavyonifukuza. Sikujiandaa na alichosema. Alisema, "Aliniambia. Mwezi wa tano aliniambia hivyo hivyo, neno kwa neno. Nikamwambia asisingizie watu, karatasi ya chuo inasema ni hiari. Tangu siku hiyo hajaniambia kitu kingine."

Akanyanyuka akaingia chumba cha ndani alimokuwa Chiriku, akafunga mlango. Nilibaki pale na cherehani. Sikusikia maneno, nilisikia mtu mzima analia kama mtoto, na sikujua ni yupi. Nilisubiri mpaka jua likahama kutoka kwenye kitambaa. Hakuna aliyetoka. Nikaondoka.

Wiki tatu kimya. Halafu ikaja karatasi, mwandiko wa mama yake: *Anataka kutoka nje. Mimi siwezi kumshika peke yangu. Njoo Jumamosi saa tatu. Nitakuwapo.*

Sikulala vizuri siku zote hizo, lakini nilikwenda. Nilichagua barabara ya bwawa la maji kwa sababu haina kilima. Nilikwenda siku moja kabla nikaipima kwa miguu yangu, nikaondoa mawe. Amekonda. Nywele wamemkata. Magongo yanamtoa malengelenge kwapani, na mama yake ameyashonea vitambaa. Tulitembea sisi watatu, yeye katikati. Hakusema kitu. Mjomba, wewe hukumsikia alivyokuwa, kwa hiyo huwezi kujua kutosema kwake kulivyo. Tulisikia magongo na maji na ndege wa bwawani. Nilitaka kumwonyesha korongo wa kijivu aliyesimama penye matete, nikaona sina haki hata ya ndege.

Tulikwenda hatua kama mia mbili. Akasema, "Simama." Akajishusha chini kwenye majani, mama yake akakaa, nikakaa mbali kidogo. Akavua kiatu chake kimoja na soksi. Akaweka wayo majini. Akakaa hivyo muda mrefu, anaangalia mbele.

Kisha akasema, bila kunigeukia, "Sijakusamehe."

Nikasema najua.

"Mama naye nimemwambia hivyo hivyo."

Mama yake aliinamisha kichwa, akaanza kung'oa majani.

Nitamwambia mama yangu mwenyewe. Nakuja Ijumaa kwa gari la asubuhi, ile barua ya kwenye droo niachie mimi nimpe. Kuhusu mjane wa mtaa ule wa pili sikuulizi, Mjomba. Hukuandika na sikuulizi.

Tulipomrudisha mlangoni niliaga. Alikuwa amechoka sana, jasho limemtoka mpaka shingoni. Nilishafika barabarani nikamsikia ananiita, siyo kwa jina la utani, kwa jina langu.

"Jumamosi ijayo usije," alisema. "Njoo ile nyingine."